Mzee Wangila Nyongesa, Mwenye Moto wa Shaba

Watu wa mtaa wa Kisumu Ndogo walisema Mzee Wangila anayeyusha pesa za serikali. Uvumi ulianzia kwa jirani, Mama Nereah, aliyeona peni zenye tundu mlangoni pa Mzee. Mzee alimjibu polepole, "Mama, hizi za zamani hazinunui hata kiberiti. Ukiwa nazo, lete." Mwaka haukuisha, Nereah akaleta mkufu mzima wa peni ulioachwa na mamake. Leo Nereah yuko hapa nasi mazishini.

Marehemu alizaliwa Chwele, Bungoma, mwaka 1924, mtoto wa mhunzi Nyongesa. Shule ya misheni aliiachia darasa la tatu, maana nyumbani alitakikana kwenye mivukuto.

Alifika Nairobi mwaka 1949, akaajiriwa na fundi mmoja Mhindi. Mwaka 1965 alifungua kibanda chake Kibera, na mwaka 1974 akahamia Kawangware, kwenye ploti ya Mzee Naftaly Gichuru. Mifereji mibovu ya shaba na peni kuukuu, vyote viliingia chunguni pamoja na bati ile nyeupe ya kulehemia. Alimimina kipande kidogo, kikipoa akakigonga na kusikiliza. Alizoea kusema, "Bati ikipungua, shaba inalia kama sufuria. Ikizidi, inapasuka."

Mwaka 1951 alimwoa Jentrix, binti Nalianya. Pete aliiunda mwenyewe, ikamwachia bibi harusi kidole cha kijani. "Umenioa ama umenipaka rangi?" Jentrix aliuliza. Hajaivua hadi leo.

Machi 1983 kifua kilimshika. Kanisa la Kawangware lilikuwa limemwomba kengele. Ya kwanza ilipasuka ikipoa. Wakati huo masikio yake pia yalikuwa yamechoka. Wahunzi wetu hawamruhusu mama anayenyonyesha kusogelea moto, kwa hivyo binti yake Nasambu alikaa nje ya ua, mtoto mgongoni. Mzee akaanza upya na bati kidogo, akagonga kipande ndani, Nasambu akasema, "Bado, Baba. Ongeza bati." Hivyo ndivyo mchanganyiko wa pili ulivyopatikana.

Mzee alilala tarehe 14 Juni 1984, kabla ya kuumimina.

Ameacha mjane wake Jentrix, wana Sifuna na Dalmas, binti Nasambu, wajukuu saba, na kalibu ya udongo ya kengele ambayo imekauka, inangoja shaba.

Apumzike kwa amani mvukutaji wetu. Nao wazee wa ukoo wasikie alichoomba siku ile ya mwisho, Mama Jentrix akiwa kando ya kitanda: "Nasambu, mtoto mpe mamako, uingie ndani ya ua. Kengele imimine wewe. Ikipasuka usilie. Ivunje, uiyeyushe, umimine tena."