Vipele Viganjani

Boti yetu ya mbao iliyokuwa ikishuka mto Ruki kwenda Mbandaka ilijaa pomoni, lakini kando ya Bolumbu palibaki nafasi ya mtu kujinyoosha. Tulikuwa tumeviona vipele vya mwanawe.

"Ni tetekuwanga tu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mboyo, muuza mihogo, peke yake hakusogea. "Tetekuwanga yenye uvimbe wa mitoki shingoni, dada? Na vipele viganjani? Hiyo homa ya nyani. Mimi mwenyewe iliniangusha."

"Kwetu hatuli nyani!"

"Kwani mimi nilimla? Nililala shuka moja na dada yangu mgonjwa."

"Nampeleka kwa mganga. Hospitali watamfungia, mimi wanifukuze."

"Mwanangu alilazwa, nami nikalazwa naye. Walituosha vidonda, wakatupa dawa ya homa na maumivu, wakatusisitiza tunywe maji. Huyu akikaukiwa maji, utabaki na kitenge mikononi."

"Usimtabirie mwanangu kifo!"

"Washusheni!" mzee mmoja alifoka. Nahodha akajibu kwamba atamshusha yeye kwanza, ingawa pale hapakuwa na pa kushukia ila majini.

Boti ilipogusa gati, Mboyo alijitwika mkeka wa Bolumbu.

"Sijakubali kwenda hospitali," Bolumbu alisema.

"Sawa. Tugombane tukitembea."

Bolumbu akasonya. Lakini kabla ya kupita katikati yetu, alimviringisha mtoto mikono kwa kitenge, asije akamgusa mtu.