Restuta, Mtani Aliyepata Damu za Akina Baba wa Hombolo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kutafuta mishipa ya damu, mtaalamu wetu wa maabara, Bi. Restuta Kalinga, anavua koti jeupe. Watoto wa Hombolo, ambao humkimbia hata akiwa na nguo za kanisani, wamezipokea habari hizi kwa furaha isiyo na adabu.

Alijiunga nasi ulipoanza utafiti wa malaria kali. Tulitaka kujua kwa nini watoto wawili wa nyumba moja wang'atwe na mbu wale wale, mmoja apate homa na kupona, huku kinga ya mwenzake ikipandwa na hasira hadi kumwumiza mwenye mwili. Sehemu ya jibu imo kwenye vinasaba, na hivyo hutoka kwa baba na mama. Tulihitaji damu ya wote.

Akina mama walikuja. Akina baba waliingia mitini, kwani ulivuma uvumi kwamba tunapima mtoto ni wa nani. Utafiti ulikaribia kufungwa. Aliyeumia zaidi ni Emilia, mmoja wa akina mama hao, ambaye mama mkwe wake alimtangaza kuwa mzembe kwa sababu mtoto wake mmoja alipata degedege ilhali mwenzake alipona.

Restuta ni Mhehe, na Wagogo wa Hombolo ni watani wake. Aliitisha mkutano, akatangaza kuwa wanaume wa Kigogo wanaogopa sindano, hivyo Mhehe atawaonyesha njia. Akamtanguliza mumewe Damas, fundi ujenzi anayebeba mifuko miwili ya saruji kwa mkupuo. Damas aliiona sindano, akatabasamu, akaanguka chali kabla haijamgusa.

Watani walicheka hadi wakashikana mabega, kisha wakapanga foleni huku wakikunja mikono ya mashati. Mmoja alidai achomwe mara mbili. Damas anashikilia hadi leo kwamba alikuwa hajala.

Majibu yalipotoka, Restuta alirudi kuwaeleza kuwa tofauti hizo za kinga mtoto huzirithi kutoka pande zote mbili, wala si uzembe wa mtu. Elisha, mume wa Emilia, aliinuka mbele ya mama yake, akasema nusu ya mwili wa mtoto ni yake, hivyo lawama wagawane au ziishe. Bibi akambeba mjukuu mgongoni, akamwambia Emilia akapumzike.

Ahsante sana, Bi. Restuta. Tunakuombea afya na ustaafu wa raha huko Miyuji. Emilia naye ametuma salamu, na anasema bado anapumzika.