Mukanya Aliyeyapa Mawe Watani

Ijumaa, tarehe 31 Agosti, Bwana Elijah Chagonda anastaafu baada ya kulitumikia Jumba la Sanaa la Ruware kwa miaka thelathini na minne. Katika karatasi za ofisi cheo chake ni Msimamizi wa Upangaji. Humu ndani hakuna anayekikumbuka cheo hicho. Sote tunamwita Mukanya, jina la heshima la ukoo wake, ambao mnyama wake wa jadi ni nyani, naye huitika hata akiwa juu ya ngazi na misumari mdomoni.

Alianza kazi kwa kusukuma toroli. Akajifunza kufunga mawe kwa mablanketi, kuyaviringisha juu ya mabomba, kutundika picha kwa pima maji, na kuwatuliza wachongaji, kazi ambayo ni nzito kuliko kubeba mawe. Katika miaka yote hiyo hajavunja pua ya sanamu hata moja. Kuhusu kidole gumba chake mwenyewe, tusiseme.

Yeye huzungumza na mawe. Ukipita stoo asubuhi utamsikia: "Polepole, mama, geuka upande, usinikanyage." Mara ya kwanza nilidhani ana mgeni.

Wapo wanaokumbuka sanamu ya nyani iliyouzwa Uholanzi. Mukanya aliipigia makofi ya salamu, kama mtu anavyomwamkia babu yake, kisha akakataa katakata kuifunika uso. "Babu atapumuaje?" aliuliza. Akatoboa tundu kwenye sanduku. Baada ya wiki mbili wanunuzi walipiga simu, wanasema forodha wanaogopa kulifungua, wanataka kujua mnyama amepewa chakula lini. Mukanya akachukua simu, akawajibu kwa utulivu kwamba huyo hali kitu tangu achongwe.

Na mwaka ule alipokuwa akileta sanamu ya mwanamke aliyelala kutoka Guruve, aliilaza nyuma ya gari dogo la mizigo, akaifunika blanketi vizuri, akakaa pembeni yake akiishikilia kichwa kisigonge. Barabarani watu wakavua kofia. Wanawake wa sokoni wakaketi chini. Walipokaribia Harare, nyuma yao kulikuwa na msururu wa magari yamewasha taa, na mama mmoja ameshaanzisha wimbo wa kanisani. Mukanya aliona aibu kuwavunja moyo. Akamwambia dereva asimame, akasimama juu ya gari, akavua kofia na yeye. "Ndugu zangu, marehemu anawashukuru sana," alisema. "Ila hajafa. Wala hajazaliwa. Ni jiwe." Inasemekana yule mama aliumaliza wimbo hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameshafika ubeti wa mwisho.

Lakini kazi ambayo jumba hili litamkumbukia zaidi ni ya mwisho, maonyesho ya mawe na picha tuliyoyafungua mwezi Juni.

Picha zile ni za marehemu mume wangu, Baba Tafara, aliyekuwa mpiga picha wa mitaa ya Mbare. Alitamani kuziona zikiwa chumba kimoja na mawe ya wachongaji wetu wa leo, kila picha na jiwe lake. Alifariki Julai mwaka jana kabla ya kuchagua hata moja. Zikabaki kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Mwenye kauli ya mwisho juu ya picha hizo ni dada wa marehemu, Tete Sekesai, shangazi wa wanangu. Tete ni Chihera, ndivyo wanavyoitwa kwa heshima wanawake wa ukoo wao, na anayewajua anajua kwamba wakisema neno, hata mbwa hukaa chini. Neno lake lilikuwa hili: picha ziende, lakini siku moja kabla ya kufungua atakuja kukagua, na akiona kaka yake anachezewa, atazipakia zote garini mwake, zirudi sandukuni moja kwa moja.

Msimamizi wetu wa maonyesho, Bi Nokutenda Gwenzi, alipanga maelezo yote vizuri, kisha akasafiri kwenda Bulawayo kufuata mawe mengine. Akiwa mlangoni alimwambia Mukanya, "Kila jiwe litafutie sahwira wake." Vijana wa mjini siku hizi humwita sahwira rafiki yeyote wa karibu. Bi Gwenzi alikuwa na maana ya vitu vinavyofanana, vinavyopendezana.

Mukanya amelelewa kijijini. Kwake sahwira ni mtani, yule wa jadi, mwenye ruhusa ya kukusema mbele za watu, na siku ya msiba wako avae koti lako na kuigiza unavyotembea, waombolezaji wacheke wakiwa na machozi. Basi akalitafutia kila jiwe mtu wa kulisema.

Sanamu iitwayo "Chifu Anatafakari", kazi ya mchongaji VaGotora, jiwe jeusi lenye paji la uso kama ukuta wa benki, akampa picha ya mteja wa kinyozi aliyesinzia mdomo wazi, nusu ya kichwa imenyolewa. Tai wa jiwe la kijani aliyenyoosha mabawa akampa kuku anayechungulia kwenye mkoba wa mama kanisani. Wapendanao waliokumbatiana wakapewa wanaume wawili wa Mbare waliobeba kabati, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

VaGotora alikuwa wa kwanza kuona. "Mukanya! Chifu wangu amekukosea nini?"

"Hajakosa kitu, baba," Mukanya akajibu. "Ndiyo maana anahitaji wa kumsema."

Bi Gwenzi aliporudi na kuona, alikaa juu ya sanduku. "Nilisema rafiki," alinong'ona. "Nilimaanisha rafiki!" Kabla hatujagusa msumari hata mmoja, gari la Tete lilikuwa limeshaingia getini.

Aliingia na sare yake ya kina mama wa kanisa, blauzi nyekundu, kofia nyeupe, mkoba kwapani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Chifu, akamtazama, akamtazama yule wa kinyozi, akarudi kwa Chifu. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wake ulioshika funguo za gari.

"Nani kafanya hivi?"

Mukanya akasogea, akapiga makofi ya heshima. "Ni mimi, Chihera."

"Huu ni utani."

"Ndiyo, Chihera. Niliambiwa kila mmoja nimpe sahwira wake."

Tete akasema, wala si kwa ukali, kwamba kaka yake alizikwa bila mtani. Mtani wa familia yetu yuko Johannesburg, na siku zile hakupata njia ya kuja. Hakuna aliyemwigiza, hakuna aliyemgombeza kwa kutuacha. "Tulimzika kimya," alisema, "kama watu wanaozika redio mbovu."

Alisema kweli. Tangu siku ile nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea taratibu, kama kuna mgonjwa.

Mukanya alikuwa na nyundo mkononi. Akaiinua hadi jichoni kama kamera. Akachuchumaa kwa mtindo wa Baba Tafara, goti moja baada ya jingine, akitoa mdomoni mlio wa magoti yale, ambao mtaa mzima uliujua. Akafumba jicho moja, akamwelekea Chifu na kumwambia maneno ambayo marehemu aliwaambia maharusi, wachungaji na hata mbunge mmoja: "Usitabasamu, baba. Wewe si tangazo la dawa ya meno!"

Tete alitoa sauti ambayo sikuielewa mara moja. Kofia ikamwanguka. Akamshika Chifu begani asidondoke, akacheka mpaka akakaa sakafuni na sare yake, na VaGotora akacheka, na Bi Gwenzi akacheka huku akilia. Nami nikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mbavu huuma.

Alipopata pumzi, Chihera akaanza kazi. "Huyo kuku mbona mmemficha? Msogezeni karibu, tai amwone vizuri! Na hili kabati lipandishe, Mukanya, au mikono imezeeka?"

"Mikono mizima, Chihera. Ni macho yako yaliyokaa chini."

"Haya, mlafi wewe, ujira wa mtani ni nini?"

"Jogoo. Na hiyo kofia."

"Kofia utaichukua siku ya kufa kwangu."

"Basi nitaivaa siku hiyohiyo, niwagombeze wote kwa sauti yako."

Tete aliondoka akiimba. Picha zilibaki ukutani. Siku ya kufungua, watu waliingia kwa adabu, mikono nyuma, kama wanavyoingia kwenye majumba ya sanaa, na baada ya dakika chache kelele zao zilisikika mpaka barabarani. VaGotora alisimama mchana kutwa karibu na Chifu wake, akiwavuta wageni kwa mikono waje waone anavyosemwa.

Mukanya, kwa niaba ya wachongaji, wapiga picha na wenzako wote wa Ruware, tunakushukuru kwa mgongo wako, kwa mikono yako na kwa masikio yako ya kizamani. Uende na afya, ulale mchana, ule sadza yako bila mtu kukuita ngazini. Jumba limekuruhusu kupumzika. Familia yetu haijakuruhusu. Mwezi wa kumi tunamfanyia Baba Tafara kumbukumbu kijijini, Tete ameshamtenga jogoo, na koti la marehemu nimelipiga pasi. Njoo mapema, utuharibie msiba.