Nani Angebeba Jeneza la Mke Wangu

Assalaam alaykum, mabwana wa chama chetu cha kuzikana. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Kwa wakili huo ni mtihani, lakini nitajaribu.

Mwanijua. Nalikuwa wakili, kisha wakati wa vita serikali ikanipa uhakimu. Mchele ulikuwa wa kipimo, na aliyeuuza kwa magendo aliletwa mbele yangu. Nikafunga watu, wengine majirani zangu wa mtaa huu huu. Ili nisiambiwe napendelea, nikaacha kukaa barazani, nikaacha kwenda matanga. Ubani, pesa ya rambirambi, nalikuwa nikiupeleka kwa mkono wa mtu, mwenyewe nabaki ndani. Naliona ndiyo haki.

Vita vikaisha, wachukuzi wa bandarini wakagoma. Wakaletwa kundi zima, nikaagizwa niwafunge bila kusikiza shahidi. Nikakataa, uhakimu ukaenda. Nikarudi kwenye uwakili, wala hakuna aliyepiga hodi. Serikali imenitema, na mji ulikuwa umenitema zamani.

Halafu mke wangu akashikwa na homa, akafa. Ndugu zangu, nawaambia, ndani wanawake walijaa hadi ngazini, maana yeye hakukosa tanga la mtu. Nje, upande wa wanaume, ni mimi na shemeji yangu. Jeneza lataka watu wanne. Wanawake wamekwisha kumuosha na kumkafini, wanatungoja sisi. Nikalia kwa aibu, mtu mzima, mlangoni pangu.

Akaja mtu wa maghala ya Shimanzi, na wenzake wawili. Nikamtambua.

"Wewe nalikufunga," nikamwambia.

"Ulinifunga. Mamangu alikufa nikiwa ndani, na mkeo ndiye aliyemuosha. Shika mbele, hakimu, adhuhuri yakaribia."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Tukamchukua marehemu msikitini, tukamswalia, tukamzika.

Bwana yule yumo humu, simtaji. Nawashukuru yeye na wenzake, na akina mama waliomuosha mke wangu, nanyi mlionipokea chamani. Nililojifunza ni dogo: ubani usiutume, upeleke mwenyewe, hata kwa mtu mliyekosana. Mimi sasa sikosi. Siku mtakaponikosa matangani msiulize, leteni jeneza.