Shati Kwenye Nguzo ya Taa

Kijiwe chetu cha Mkuyuni kina benchi moja la zege na nguzo moja ya taa, vyote mali ya umma, na vyote vimegeuzwa duka. Kwenye nguzo utakuta mabango ya waganga, mikanda, sidiria za mtumba, siku nyingine hata mfuko wa dagaa. Nathaniel, tunayemwita Diwani ingawa hajawahi kugombea hata ukiranja, ameshapeleka malalamiko matatu kwa mwenyekiti wa mtaa. Asubuhi ile alikuwa anaandika la nne, amekaa kati yangu na Ngosha wa bodaboda, mzee Yahaya akitumiminia kahawa. Safari hii alikuwa analalamikia shati.

Lilikuwa shati la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi, limetundikwa kwa henga. Chini yake kulikuwa na picha ya kijana ndani ya nailoni, na maandishi ya kalamu nene: ANATAFUTWA. MAYALA, MIAKA 24. Halafu namba ya simu. Lilikuwa na wiki tatu pale.

— Andika mtaa mzima unaogopa, alisema Ngosha. Mtu anatafutwa na polisi, nguo yake inaning'inia tunapokunywa kahawa?

— Polisi gani wanapiga pasi? aliuliza mzee Yahaya.

— Hicho ni kielelezo, mzee.

Hapo kila mtu akaja na lake. Ngosha alikuwa amesikia kijana kaiba pikipiki Kigongo. Diwani akasema pikipiki wapi, huyo kaua mtu, na shati limefuliwa kuondoa damu. Mimi sikutaka kupitwa, nikasema limewekewa dawa, atakayeligusa anabeba mkosi. Uongo mtupu, ila wote waligeuka wakalitazama.

— Na Jumatatu kalifuata mwenyewe, alisema Ngosha. Andika na hilo.

Hilo lilikuwa kweli. Jumatatu kijana wa kwenye picha alikuja peku, akasimama chini ya nguzo, akaushika mkono wa shati na kuunusa huku anacheka. Ngosha akapiga kelele za mwizi. Tukatoka wengi, na mawe. Alikimbilia upande wa ziwani, akapotelea kwenye majabali, nasi tukarudi kumalizia kahawa. Kupiga ile simu hakuna aliyethubutu, maana nani anataka kuitwa kituoni kutoa ushahidi?

Diwani alikuwa bado anaandika wakati mama mmoja alipofika, vumbi miguuni. Tukamwamkia.

— Marahaba, wanangu. Mimi naitwa Paskazia, natokea Kisesa. Huyu wa kwenye picha ni mwanangu.

Ngosha akamwuliza, kwa sauti ndogo, kijana alikosa nini hadi akatafutwa.

— Akosee nini? Huyu ni mgonjwa. Akili ilimruka tangu mwaka jana, akatoka nyumbani, hakurudi. Anayemtafuta ni mimi.

— Sasa mama, ungeandika AMEPOTEA, alisema Diwani.

— Kwani siyo namtafuta?

Mama akalikung'uta shati vumbi, akalinyoosha kola. Alituambia Mayala hawezi tena kusoma, hata jina lake analisahau, ila nguo zake anazijua. Ndiyo maana alilileta hapa penye watu wengi. Akiliona tu atasimama, na watu wakimwona amesimama watapiga simu.

— Naona bado lipo, alisema. Kwa hiyo hajapita hapa?

Mzee Yahaya akainamia birika lake. Diwani akaikunja ile karatasi mara mbili, mara tatu. Ngosha alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu jiwe lililompata Mayala kichwani nilirusha mimi, na damu tuliiona wote. Mama akauliza tena, polepole, akidhani hatukumsikia.