Argia, Gari Lililofuzu Mara Moja

Marehemu Argia Gualandi alizaliwa tarehe 11 Februari 1980, katika gereji ya shemeji yangu Ettore, hapa hapa Bagnara, Romagna, Italia. Alikuwa gari la mashindano ya Grand Prix, mtoto wa pekee. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kufungwa tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na sisi mafundi tulijifunzia kwake. Mimi Fosco, fundi wake mkuu, ndiye niliyeombwa nisome. Nimechoka, mnivumilie.

Jina alirithi kwa shangazi yake Ettore. Ukikanyaga mafuta, marehemu alikaa kimya kwanza, kisha ghafla akakurupuka na kukutupa nyasini. Na Shangazi Argia, yule pale mbele, ukimwita ni hivyo hivyo: kimya, halafu anatokea anafoka. Alipoambiwa, alituangalia wee, akasema, "Sawa, mimi nachelewa kuitika. Lakini mimi nafika!"

Elimu aliipata kwenye uwanja wa mbio za magari wa Misano. Alifeli, tukamrudisha, akafeli tena.

Machi 1981 alifunga ndoa na dereva Livio Drudi. Livio alikuwa akishuka viatu vinafuka moshi, na Ettore anamuuliza, "Vipi, bwana harusi?" Anajibu, "Kaka, huyu mwanamke ananipika mzima mzima!" Ila hakumwacha.

Kikazi alifika Imola, Zolder, Monako, Zeltweg. Jumamosi magari yalipimwa muda, na wenye kasi walibaki kushindana Jumapili. Sisi kila Jumamosi jioni tulimfunga kamba kwenye lori, tukala mkate na soseji, tukarudi nyumbani. Mwezi Agosti, mwenye kiwanda cha vigae aliyetufadhili alisema waziwazi: Argia asipoanza mbio Monza, gereji ifungwe.

Alisumbuliwa na joto maisha yake yote. Tabo ilikuwa ikiiva nyekundu kama jiko la mkaa. Sharti la kumtunza lilikuwa moja, na Ettore mwenyewe alituimbia kila siku: akisimama, msimzime. Aachwe angurume polepole mpaka apoe, la sivyo oili inaungulia ndani na tabo inakwama. Tabo ya akiba hatukuwa nayo.

Tarehe 12 Septemba, Jumamosi, huko Monza, Livio aliingia kutoka mzunguko wake wa mwisho na tukaona muda wake ubaoni. Argia amefuzu! Wa mwisho kabisa, lakini amefuzu. Jamani, tulirukiana, tukalia kama watoto. Mara kipaza sauti kikaanza kusoma majina ya watakaoanza, na ngurumo ya Argia ikatuziba masikio. Ettore akaingiza mkono, akamzima. Tukasikia vizuri kabisa: "Gualandi, dereva Drudi." Jukwaa zima likalipuka kwa shangwe. Asubuhi ya Jumapili tabo iligoma kuzunguka. Nafasi yake akapewa mwingine.

Jana nilimuuliza Ettore niseme nini kuhusu sababu ya kifo. Nilifikiria niseme "ghafla," yaishe.

"Sema nilimzima mimi," akaniambia. "Usinifichie, Fosco."

"Shemeji, si ungengoja kidogo tu?"

"Wangekuwa wameshapita jina lake. Mwaka mzima wanasoma majina mimi nikiwa kwenye lori. Nilitaka nimsikie akitajwa."

Basi, nimesema.

Marehemu ameacha baba, Ettore, ambaye Jumatatu anaanza kazi kwenye kiwanda cha vigae, mama mlezi, yaani dada yangu Norina, mke wa Ettore, aliyewahi kumfunika kwa blanketi la kitanda chao, mgane, Livio, Shangazi Argia, na sisi mafundi. Tukishamlaza hapa nyuma, tutakula, kisha gereji itafungwa.

Pumzika, Argia. Hakuna atakayekuwasha tena.