Miaka Thelathini na Mitatu Nyuma ya Pazia, Jioni Moja Mbele Yake

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, fundi wetu wa pazia anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Sanaa za Maonyesho kwa miaka thelathini na mitatu. Katika karatasi za utumishi ana jina lake kamili na namba ndefu ya ajira, lakini hapa idarani, kuanzia kwa mkuu wa idara hadi kwa mwanafunzi aliyeripoti wiki iliyopita, anaitwa Mzee Kamba. Alipewa jina hilo akiwa na miaka ishirini na minane, kwa hiyo uzee ulipofika ulikuta jina linamsubiri.

Aliajiriwa kama seremala. Msimu wake wa kwanza alijenga ngazi ambayo mpaka leo imepandwa na wafalme wanne, mama wakwe wasiohesabika na mlevi mmoja aliyesahau kwamba anaigiza. Msimu wa pili, mvuta pazia wa wakati huo alihamia kwingine, na Mzee Kamba akakabidhiwa kamba kwa muda wakati idara inatafuta mtu. Idara haikutafuta mtu.

Wasio wa fani hudhani kuvuta pazia ni kazi ya misuli. Pazia letu ni la mahameli, zito, linakwenda kwa kamba inayopita kwenye vigurudumu viwili vilivyofungwa darini, na misuli inahitajika kweli. Lakini anayelivuta husimama ubavuni mwa jukwaa, mahali ambapo haoni hadhira wala haoni nyuso za waigizaji. Kazi yake ni kusikiliza. Kwenye tamthilia za huzuni, Mzee Kamba alingoja mpaka watu waache kukohoa. Kwenye vichekesho aliacha kicheko kishuke, kwa sababu anasema kila ukumbi una mtu mmoja anayechelewa kuelewa, na huyo akianza kucheka wote huanza upya. Hapo ndipo alipofunga. Sijawahi kumwona akikosea.

Aliyekosea ni mwalimu wetu wa sauti. Mwaka wa kumi na nne wa utumishi wa Mzee Kamba, jino lilimshinda akaenda kung'olewa, na mwalimu huyo akajitolea kushika kamba kwa majigambo makubwa. Mfalme wa tamthilia ile alifia mbele kidogo kuliko alivyopangiwa. Pazia likafungwa nyuma yake. Baraza lake lote likabaki ndani, yeye akabaki nje, maiti peke yake, taa zote zikimmulika. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akatambaa na kupenya chini ya pazia. Watu walikuwa wameanza kutulia pale mkono wa marehemu ulipotokea tena chini, ukapapasa sakafu na kuchukua taji. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mfalme yule leo ni mhadhiri mwandamizi na hapendi kisa hiki kisimuliwe, ndiyo maana tunakisimulia kila mwaka.

Kesho yake tulikaa kikao na kupitisha kwamba kamba isishikwe na mtu mwingine yeyote. Tulipitisha huku tunacheka. Hakuna aliyefikiria kwamba tumempiga mtu kufuli.

Mwaka uliofuata niliteuliwa kuwa mratibu wa misimu, na barua ya kwanza kufika mezani kwangu ilikuwa yake. Ilikuwa ya nusu ukurasa, kwa mwandiko wa kuegemea kushoto. Aliomba ruhusa ya jioni moja, yoyote ile katika msimu, aketi ukumbini na mke wake watazame mchezo pamoja. Msimu ulikuwa na tamthilia tatu na jioni mbili za vichekesho. Nilimkumbuka mfalme, nikaandika pembeni: msimu ujao. Mwaka uliofuata ikaja barua ileile, nikaandika jibu lilelile.

Mkewe tunamjua wote. Ni mshonaji wa sare za shule, na hajakosa msimu hata mmoja. Hukaa kiti cha pembeni, safu ya nne, ndiyo maana wanafunzi wanamwita Mama Safu ya Nne. Nyumbani yeye alimsimulia mumewe yaliyotokea mbele, nani alilia kweli na nani alijikamua, naye mumewe akamweleza kwa nini mlango uligoma kufunguka. Asubuhi yake Mzee Kamba alituletea maoni ya mkewe idarani. Mwalimu wa uongozaji alikuwa akiyanakili kwa siri, na michezo yetu ilinufaika.

Barua zilifika kumi na saba. Miaka miwili iliyopita hazikuja tena. Nilitambua, na nitasema ukweli wangu hapa: nilishusha pumzi. Niliona mzee ameelewa.

Mwezi uliopita, nikikusanya habari za kuandika wasifu huu, nilimkuta anapaka mafuta kamba na vigurudumu vyake, nikamuuliza kwa nini aliacha kuomba. Alinijibu bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Mama haoni tena. Presha ya macho ilikuwa ikimpunguzia mwanga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na misimu miwili iliyopita ulikwisha. Alitaka kuketi naye wakati bado anaona, amwonyeshe kwa kidole yale aliyokuwa akimsimulia. Sasa hakukuwa na haraka.

Misimu hiyo miwili nilisimama mlangoni nikimpungia Mama mkono, naye akapita ameshikwa mkono na mkamwana wake bila kunijibu. Nilidhani ameanza kujivuna. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Jioni ya vichekesho iliyofunga msimu huu, kamba niliishika mimi. Mzee Kamba alivaa koti, akaketi safu ya nne kando ya mkewe. Yaliyosemwa pale nimeyapata kwa mkamwana wao aliyekaa nyuma yao. Pazia lilipofunguka, mzee alikaza macho jukwaani. Mbele yake palikuwa na sebule: ukuta, dirisha, kabati la vyombo. Ukuta ule aliugongelea mwenyewe kwa mbao nyembamba na magunia, na maisha yake yote alikuwa ameziona kuta zetu kwa upande wa misumari. Akamwinamia mkewe akamwambia, "Kumbe ni nyumba." Mama akamjibu, "Miaka yote nakwambia."

Akaanza kumsimulia. Akamweleza rangi imepakwaje, bawaba imekaaje, ubao upi utapinda kabla ya mwaka kuisha. Mama akamgusa goti. "Achana na misumari, baba. Niambie nyuso." Mkamwana anasema mzee alijaribu, akakwama, akajaribu tena, na kwamba hakuwa hodari. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Mkewe angeweza kumfundisha ndani ya jioni moja, kama angekuwa bado na macho.

Mimi nililifunga pazia mapema. Wakati wa kutoka, Mama alinishika mkono kwa adabu na kuniambia kwamba nimemkata yule wa mwisho kucheka.

Mzee Kamba, idara inakushukuru kwa tamthilia tisini na tisa na kwa jioni za vichekesho ambazo hatukuziandika popote. Hukuchelewa wala hukuwahi, na kila mtu aliyeinama mbele ya hadhira yetu aliinama katika muda uliompa wewe. Kwa niaba ya kikao kile kilichocheka, na kwa niaba ya mkono wangu ulioandika pembeni mara kumi na saba, ninakuomba radhi, wewe na Mama. Hukuomba kikubwa. Uliomba jioni moja, na kila msimu tulikuwa na tano.

Tunakutakia pumziko jema na afya njema, na jioni nyingi na Mama, ambazo huhitaji kumwomba mtu.